UZI: Tufundishe maji kwa mikono, tuache kuyachora ubaoni tu (walimu wa Bukavu, karibuni)

Mwalimu_Ziwani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana jukwaa, na hasa walimu wenzangu.

Humu ndani kila baada ya muda unafunguliwa uzi wa kulalamika kwamba vijana wa Bukavu wanatupa kila kitu mtoni. Na kila mara dawa inayotolewa ni ileile: salongo (kazi ya pamoja ya usafi). Wanafunzi wapewe mapelo (makoleo) na magunia, waokote chupa ufukweni, wapigwe picha, warudi nyumbani. Mvua ya wiki inayofuata inashusha chupa nyingine, na kazi inaanza upya.

Mimi nasema salongo si somo. Mtoto aliyeokota chupa mia moja amejifunza kuinama. Hajajua zile chupa zilitoka wapi, kwa nini zilirundikana pale na si kwingine, wala zingeenda wapi kama asingeziokota. Somo linaanza pale anapoligeuzia ziwa mgongo na kupanda kilima kufuata njia ya maji.

Nafundisha SVT (sayansi ya maisha na ardhi) katika shule moja ya mtaa wa Kadutu. Sina labo, sina gari, na darasa langu limejaa kama ya kwenu. Tulichofanya ni kuanzia pale pale tulipo. Mvua ikinyesha wakati wa kipindi, nafunga kitabu. Watoto wanasimama barazani na kila kikundi kinachagua tone moja lililoangukia bati: linashukia wapi, linapita wapi, linatoka uani kwa tundu gani? Mvua ikikatika tunalifuata. Kutoka bati hadi mtaro, mtaro hadi kijito nyuma ya nyumba za watu, kijito hadi mto Kawa, na Kawa hadi ziwani. Bonde la mto ni kama paa la shule: kila tone linaloangukia upande huu wa kilele litaishia kwenye mfereji huu, utake usitake. Mtoto akishalielewa hilo juu ya bati, hana shida kulielewa juu ya vilima vya Kabare.

Kisha tunauliza: na baada ya ziwa? Hapo wengi wanashangaa. Kivu ina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko hapa kwetu: mto Ruzizi. Ziwa liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika iko kwenye 770 hivi, kwa hiyo Ruzizi inateremka karibu mita 700 katika safari ya kilomita mia na kidogo. Njo maana mabwawa ya umeme yako pale. Na njo maana chupa iliyotupwa Kadutu inakwenda kuziba mitambo ya Ruzizi I, halafu mtaa uleule uliotupa chupa unakaa gizani. Nikifika hapo sihitaji tena kuhubiri kuhusu mazingira.

Nimefungua uzi huu ili tupeane mazoezi yanayofanyika bila pesa. Yangu ni haya.

Kipima mvua. Chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, kata shingo, igeuze iwe faneli. Chini weka kokoto, mimina maji hadi mahali ubavu unaponyooka, pale piga mstari wa sifuri, kisha bandika rula. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati letu likiwa mita 30 kwa 8, mvua ya milimita 20 ni lita 4,800. Waambie wazigawe kwa bidoni za lita 20. Ni bidoni 240. Darasa linanyamaza, maana kuna watoto pale waliokesha kwenye foleni ya bomba.

Nguvu ya kijito. Pima mita 10 ukingoni kwa kamba, rusha chungwa, hesabu sekunde kwa simu. Pima upana na kina sehemu kadhaa, tafuta wastani. Tuseme upana mita 2, kina sentimita 25, chungwa limetumia sekunde 20. Kasi ya juu ni nusu mita kwa sekunde, lakini maji ya chini yanakokota, kwa hiyo zidisha kwa 0.85. Utapata kama lita 210 kila sekunde, yaani bidoni kumi na kidogo. Rudieni siku moja baada ya mvua kubwa, mlinganishe.

La tatu ni chupa tatu za udongo, nitalieleza mtu akiuliza.

Karibuni. Na wapinzani pia.

---

Ndugu_wa_Cimpunda

Mwalimu, ile maneno yako iko ya kweli, lakini tuseme ukweli yote. Huku kwetu gari ya takataka hatujaiona, na njia yenyewe haina nafasi ya gari. Mama akisha fagia, takataka anaweka wapi? Anangojea mvua. Njo vile iko. Batoto banaona mama anafanya vile, kisha mwalimu anabaambia hapana. Batasikiliza nani?

---

Mwalimu_Ziwani

@Ndugu_wa_Cimpunda Watamsikiliza mama, na ni haki yao. Kwa hiyo mimi simwambii mtoto "usitupe". Namwambia alete takataka za nyumbani za siku moja kwenye gunia, tuzimwage juu ya shiti kuukuu uani, tuzitenge na tuzipime kwa mizani ya sokoni. Kila tulipofanya hivyo sehemu kubwa ilikuwa maganda ya ndizi na mihogo, mabua ya sombe na lengalenga, majivu. Hicho ni chakula cha bustani. Tumechimba shimo la mbolea nyuma ya vyoo (mbali na vyoo, nimuwahi muuguzi kabla hajanigombeza). Kinachobaki ni masashe (mifuko ya plastiki) na chupa, na hayo si mengi kwa nyumba moja. Mama haombwi kufanya muujiza. Anaombwa ndoo mbili badala ya moja.

Kuhusu gari la takataka, ni kweli, na darasa haliwezi kulileta. Ila watoto wa darasa la nane waliandika barua kwa shefu wa avenyu, wakaambatanisha ramani yao ya sehemu nne ambako mtaro umeziba. Mwalimu wa Kifaransa aliisahihisha kama insha. Shefu alikuja shuleni mwenyewe.

---

Muuguzi_Ibanda

Sikugombezi, lakini nina maneno.

Kipindupindu hapa Kivu hakijawahi kutuaga. Kawa inapita chini ya vyoo vya watu. Nikisikia mwalimu anasema "kwa mikono" nashtuka, kwa hiyo naomba tuelewane:

Katika mito ya mjini mtoto haingii majini. Basi. Maji yanachotwa na mtu mzima kwa ndoo yenye kamba, kutoka ukingoni. Mwenye kidonda mguuni au mkononi anakuwa mwandishi siku hiyo. Hakuna kula, hakuna kutafuna kalamu. Mkirudi, sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kitu kingine chochote. Kama sabuni hakuna, maji ya klorini ya asilimia 0.05 kwa mikono, na aliyezoea kipimo ndiye ayachanganye, maana javeli (dawa ya klorini) ya sokoni haifanani chupa kwa chupa.

Na vijito vya mashambani visiwadanganye kwa weupe wake. Kichocho kipo maeneo yetu. Buti za mpira, au msiingie.

---

Fundi_Jiografia

Nakazia alichoandika mwanzisha uzi kuhusu mlango mmoja wa Ruzizi, maana hapa ndipo jiografia yetu inanoga na vitabu vinapita haraka.

Ziwa hili halikuwa likimwaga kusini tangu zamani. Lilikuwa linamwaga kaskazini, kuelekea Ziwa Edward, kwa hiyo lilikuwa la Nile. Volkano za Virunga zikainuka, zikaziba njia. Maji yakapanda hadi yakapata upenyo upande wetu, yakaanza kushuka kwa Ruzizi kwenda Tanganyika. Kutoka Tanganyika yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, halafu Kongo, halafu Atlantiki kule Banana. Kijiolojia ni jambo la juzi tu, miaka elfu kumi na kitu.

Mimi huwa nalifundisha kwa udongo wa mfinyanzi kwenye sinia. Wanafunzi wanajenga bonde lenye mwelekeo wa kaskazini, wanamwaga maji, kisha kikundi kingine kinajenga "Virunga" katikati ya njia. Maji yanapanda, yanatafuta, yanapasua upande wa pili. Hakuna aliyewahi kulisahau, hata wale wa benchi la nyuma.

---

Mzazi_Essence

Samahani walimu. Mimi nalipa minervali (karo) mtoto asome, apite Examen d'État (mtihani wa mwisho wa sekondari), apate kazi. Haya ya kurusha machungwa mtoni yanasaidia nini? Mwanangu alirudi na viatu vimejaa matope, mama yake alinuna siku nzima.

---

Fundi_Jiografia

Mzee wangu, pole kwa viatu. Lakini angalia mtoto wako alichofanya siku hiyo: eneo, wastani, kasi, asilimia, kubadili mita za ujazo kuwa lita. Mwenzangu wa hesabu anafundisha hivyo kwa mfano wa treni mbili zinazopishana. Lini mtoto wa Bukavu ameona treni mbili zikipishana?

---

Mwalimu_wa_Bagira

😂😂 Treni!

Mie swali langu ni la woga. Inspekteri akija akakuta darasa tupu, ubao mweupe, na mimi niko mtaroni na watoto 58, nitamwambia nini?

---

Mwalimu_Ziwani

@Mwalimu_wa_Bagira Utamwonyesha jurnali ya darasa na fishi ya maandalizi, vyote vimejazwa kabla hujatoka, na prefe (mkuu wa shule) ametia sahihi. Bila hivyo usitoke. Programu mpya ya SVT yenyewe inataka somo lianze na hali ya maisha ambayo mwanafunzi anaitambua. Mtaro uliofurika mbele ya shule ni hali ya maisha kuliko mchoro wa ziwa la Ulaya. Inspekteri mmoja alinikuta hivyo hivyo, akaomba saa ya kupimia chungwa.

Kwa watoto 58: usiwatoe wote. Nusu wanabaki na mwalimu mwenzako wakichora ramani ya uwanja na mitaro yake, nusu wanakwenda kupima, kesho wanabadilishana. Na kila mtoto awe na kazi yenye jina: wa kamba, wa saa, wa kuita, mwandishi, mlinzi wa ukingo. Asiye na kazi ndiye anayetumbukia.

---

Mwalimu_wa_Bagira

Sawa, hiyo naiweza. Lakini kuna woga mwingine ambao walimu hatuusemi. Ubaoni mimi najua jibu. Mtoni mtoto anaokota mdudu, ananiuliza "huyu nani?", na mimi simjui.

---

Mwalimu_Ziwani

Hapo umegusa penyewe, na ningependa uzi huu ukae hapo kidogo.

Miradi mingi iliyopita mjini kwetu ilianza na wanafunzi: fulana, bango, hotuba, soda. Mwalimu alikuwa wa kupanga mistari. Mradi ukiisha, ujuzi unaondoka na bango. Sisi shule tatu jirani tuliamua kuanza na walimu peke yao. Mchana mmoja baada ya masomo, bila per diemu, kila mmoja na kifuko chake cha njugu. Hakuna aliyetoa mhadhara. Tulijigawa vikundi kama watoto, tukapewa kamba na chungwa, tukabishana vilevile kama wao, na mwalimu wa dini ndiye aliyekuwa na macho ya kuona wadudu kuliko wa biolojia.

Tulichokubaliana ni hiki: mtoni mwalimu haulizwi jina la mdudu, anauliza pamoja na mtoto. Ana miguu mingapi? Mikia mingapi? Anapumulia wapi? Jina linakuja baadaye. Mwalimu akizoea kusema "tuangalie" badala ya "fungeni midomo", kazi imeisha nusu.

Na wadudu wenyewe wanatoa jibu bila dawa za labo. Kwenye kijito safi chenye mawe, geuza jiwe: utaona lava (mtoto wa mdudu) wa efemera, mwembamba, mara nyingi mikia mitatu, na matamvua yanayopepea ubavuni mwa tumbo. Hayo matamvua ndiyo mapafu yake, kwa hiyo maji yakipungukiwa hewa yeye ni wa kwanza kuondoka. Utaona wengine wamejijengea vinyumba vya mchanga na vijiti. Utaona kaa wa mtoni, lava wa kereng'ende. Shuka chini ambako mji umeshamwaga kila kitu: hao wote hawapo. Wamebaki funza wekundu na minyoo myembamba kwenye tope. Wekundu wao unatokana na hemoglobini, ndugu ya ile ya damu yetu, inayowasaidia kushika hewa kidogo iliyopo.

Afrika Kusini wana njia inayoitwa miniSASS iliyotengenezwa kwa wanafunzi na watu wa kawaida: wadudu wamepangwa makundi 13, kila kundi lina alama kulingana na linavyoogopa uchafu, unajumlisha alama na kugawa kwa idadi ya makundi uliyopata. Mtoto anapata namba moja ya kuandika daftarini. Si lazima tuichukue kama ilivyo, wanyama wa kwetu wana tofauti zao, lakini wazo linafaa kuigwa.

Wadudu tunawatafuta juu tu, kabla ya nyumba. @Muuguzi_Ibanda alishasema kuhusu chini na namuunga mkono.

---

Mama_Shule_Goma

Nawasoma kwa wivu. Sisi Goma mito hatuna! Mji umekaa juu ya mawe ya volkano, mvua inanyesha na kupotea. Nitafuata tone gani?

---

Fundi_Jiografia

Mama, ninyi mna somo zuri kuliko sisi. Mwaga bidoni juu ya mawe ya lava, hesabu sekunde hadi maji yapotee. Mwaga nyingine juu ya udongo uliokanyagwa uani. Kisha waulize watoto: choo kilichochimbwa kwenye mawe haya, uchafu wake unakwenda wapi, na ziwani tunachota wapi? Bonde lenu lipo, ila linapita chini ya miguu. Na lava wanaijua kwa tarehe: ya 2002, ya Mei 2021. Mimi kwangu nikisema "miaka elfu kumi" wanapiga miayo.

---

Mama_Shule_Goma

Sawa, umenipata. Na maji ya bati huku moshi wa Nyiragongo unayagusa, nitayapima kwa karatasi za pH nikizipata.

---

Mtu_wa_Kalehe

Nimesoma yote. Naongeza lisilofurahisha.

Tarehe 4 Mei 2023, huku Kalehe, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Mvua ilinyesha juu milimani na mito ikashuka na mawe makubwa kuliko nyumba. Waliozikwa walizidi 400, na wengi hawajaonekana hadi leo.

Watu walisema ni laana, wengine wakasema ni mizimu ya ziwa. Mimi sibishani na mtu aliyefiwa. Lakini watoto waliobaki wanastahili kuambiwa kilichotokea kwa njia wanayoweza kuishika. Nilipofanya zoezi la kumimina maji juu ya chupa za udongo na watoto wa huku, yale maji mekundu yaliposhuka, msichana mmoja alisema, "Ni haya." Sikuongeza neno.

Ninachoomba: msiwafundishe watoto mito kama kitu cha kupendeza tu. Wafundisheni pia dalili. Mto wa mlimani ukipungua ghafla wakati mvua inaendelea, kuna kitu kimeziba juu, na kikiachia kitakuja chote kwa pamoja: ondokeni ukingoni mpande pembeni, msikimbie kufuata mto. Maji yakibadilika rangi ghafla, ondokeni. Mkisikia mngurumo, msisubiri kuona.

---

Muuguzi_Ibanda

Asante ndugu yangu. Mungu awarehemu.

Na hapa Bukavu tunajua ardhi inavyotembea. Kule mtaa wa Funu nyumba zinapasuka taratibu mwaka hadi mwaka. Kuna watoto wanaoweza kupima ufa wa ukuta wao kwa penseli na tarehe, kila mwezi. Nao ni upimaji.

---

Mwalimu_Ziwani

@Mtu_wa_Kalehe Nimechukua zile dalili, nitazibandika ukutani kesho.

Penseli na tarehe kwenye ufa, hilo sikuwa nimelifikiria. Zuri sana.

---

Lushois_243

Salamu kutoka Lubumbashi. Huku kwetu tatizo la kwanza si chupa. Ni migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na hayana uhai ndani. Kwa hiyo wadudu wenu na karatasi ya pH vinatufaa kuliko kuangalia tope. Mtoto anakuta maji "safi", jiwe halina hata mdudu mmoja, karatasi inageuka rangi ya asidi. Ila onyo la muuguzi huku ni mara mbili, kuna sehemu hata ukingoni usimpeleke mtoto.

Jambo jingine: mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, halafu Mweru, halafu Luvua, na Luvua inaingia Lualaba pale Ankoro. Na yenu mnasema yanakuja kwa Lukuga, ambayo inaingia Lualaba chini kidogo ya Kabalo. Kwa hiyo maji ya shule yangu na ya shule zenu yanakutana Lualaba. Watoto wangu wangependa kuwaandikia wenu.

---

Mwalimu_wa_Bagira

Hii nimeipenda kuliko zote. Prefe wangu ataipenda pia, anatoka Kabalo.

---

Mwalimu_Ziwani

@Lushois_243 Nakutumia ujumbe pembeni. Tukubaliane siku moja ya kupima, shule zote kwa saa ileile. Tarehe 22 Machi, Siku ya Maji Duniani, ni nzuri kwa sababu mvua bado ipo kwenu na kwetu. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira, huku maji yameshaanza kupungua na vichwa vya watoto viko kwenye mitihani.

Kwa kweli kalenda yetu imekaa vizuri sana na walimu hawaitumii: mwaka wa shule unaanza Septemba, na mvua zinaanza Septemba. Anayesoma kipima mvua kila asubuhi kuanzia wiki ya kwanza, ifikapo Mei ana majira kamili mkononi. Iwe kazi ya watoto wawili wa zamu, saa moja na nusu kabla ya wimbo wa taifa. Daftari likae kwa prefe.

---

Mkulima_Kabare

Mie si mwalimu, ila watoto wenu wanapopanda huku kwetu kuangalia chanzo, wanapita kwenye shamba langu. Naomba jambo. Kila mradi wa shule ukija na miti, ni mikaratusi. Mikaratusi inakua haraka, tunaipenda kwa mbao na makala (makaa), lakini ukiipanda juu ya chemchemi, chemchemi inasinyaa. Pandeni mbali, mgongoni mwa kilima. Kwenye chemchemi na kingo wekeni mianzi na hii miti ya zamani.

Na mitaro ya kuzuia mmomonyoko mnayochimba na watoto haiko sawa, inateremka. Maji yanakusanyika pembe moja na kupasua.

---

Fundi_Jiografia

Mzee wetu, hiyo tunaitibu kwa fremu ya herufi A. Vijiti viwili virefu sawasawa, kimoja cha kukatiza, kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka juu. Simamisha mahali, weka alama kamba inapogusa kijiti cha kukatiza. Geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndiyo usawa. Kisha unatembea nayo kilimani mguu kwa mguu, mtoto anachomeka kijiti kila hatua. Mstari unaopatikana ndio wa kuchimba mtaro, na juu yake unapanda matete au Tripsacum, ambayo ng'ombe wako pia atakula.

Nikija na darasa nitaomba ruhusa ya shamba lako kwanza. Na tutaacha fremu kwako.

---

Mkulima_Kabare

Karibuni. Msije siku ya soko.

---

Mzazi_Essence

Nimerudi. Mtoto amenionyesha hesabu ya bati letu la nyumbani. Anasema mvua ya jana ingetujazia bidoni 30 na sisi tulinunua nne. Nimetafuta bomba la mfereji, bei yake si mchezo. Kuna mwenye fundi wa bei ya mtu wa kawaida?

---

Ndugu_wa_Cimpunda

Papa, bambu! Unapasua mara mbili, unatoa vifundo vya ndani, unafunga na waya. Kwetu tunafanya vile. Na mvua ya kwanza usiikinge, iache ipite isafishe bati.

---

Mwalimu_wa_Bagira

Mwanzisha uzi, uliahidi chupa tatu za udongo. Nataka kuzitayarisha wiki hii.

---

Mwalimu_Ziwani

Chupa tatu za lita moja na nusu, zilazwe ubavu, zikatwe dirisha refu upande wa juu. Zote zijazwe udongo kutoka mahali pamoja hadi chini kidogo ya mdomo. Ya kwanza panda majani, iachie wiki mbili au tatu. Ya pili funika kwa majani makavu. Ya tatu iache uchi. Ziinamishe sawasawa juu ya benchi, kila mdomo na kikombe chake cha plastiki angavu. Kisha mimina kila moja maji kiasi kilekile kwa kopo lenye matundu, polepole.

Usiseme lolote kabla. Waandike kwanza wanavyodhani kila kikombe kitakuwaje, halafu mimina. Baadaye acheni vikombe vitulie hadi kesho, mpime tope lililokaa chini kwa rula.

---

Mwalimu_wa_Bagira

Majani gani? Nina mbegu za lengalenga.

---

Mwalimu_Ziwani

Lengalenga mizizi yake haifumani, udongo utapita katikati. Ng'oa nyasi za pembeni ya uwanja wa mpira pamoja na udongo wake, uzibandike kama zulia na uzimwagilie. Hapo wiki moja inatosha, wala huna haja ya kungoja mbegu.